Baba, Hadithi ya Bibi Nimeimaliza

Baba yangu,

Nimehesabu tena. Madaftari kumi na moja, hadithi kumi na tisa, na iliyokwisha hata moja hakuna. Ya kwanza uliianza wiki ile ile ya Uhuru. Ya mwisho uliiacha juu ya stuli siku tulipokukimbiza hospitali Musoma, kalamu imelala katikati ya kurasa kana kwamba unakwenda haja na kurudi. Leo ni mwaka wa pili. Kaka zangu walirithi ng'ombe, mimi nikapewa sanduku la madaftari. Sikugomba, lakini ujue niliona.

Nakuandikia nina hasira, nisikufiche. Mimi ni fundi cherehani hapa Kamunyonge, na cherehani yenyewe niliinunua kwa jasho langu, hakuna aliyenishika mkono. Tangu nianze kazi sijamkabidhi mteja gauni la mkono mmoja nikamwambia, "Mama, mkono wa pili utafuata." Wewe ulitufanyia hivyo miaka yote. Tukishamaliza ugali unafungua daftari, unatusomea mpaka chui anafika zizini, halafu unalifunga, pap!

"Baba, chui akafanyaje?"

"Bado anafikiri."

"Anafikiri tangu Jumatatu!"

"Ana akili, hakurupuki kama wewe."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Huyo chui atakufa njaa humo daftarini, na ng'ombe watazaa mbele ya macho yake." Tukacheka wote. Mimi nilikuwaga nacheka kwa nje tu, kwa ndani nahesabu: chui mmoja, bwana harusi wa Bukima mmoja, karani aliyepanda meli mmoja, wote wamesimama na mguu mmoja juu, wanakungoja.

Kumi na nane nakusamehe. Iliyobaki siwezi, ile ya Bibi, mama yako. Ukurasa wa tatu umeandika: "Siku ya kuhama mama alikaa mlangoni, akaniangalia, akasema". Basi. Mistari ishirini na mitatu iliyofuata ni mitupu.

Ningeiacha nayo, lakini kuna Shangazi. Unajua dada yako hakuja kukuzika. Nilimfuata Bukima baada ya matanga, nikamkuta anaanika dagaa, macho yameanza ukungu. Hata maji hakunipa kwanza.

"Baba yako alimwondolea mama kijiti akiwa hai," akaniambia. "Mimi nilikuwa huku kwa mume, sikuona, nilisikia kwa watu. Nije kumlilia?"

Wa kwetu wanajua uzito wa neno hilo. Kijiti kinachosimama kileleni mwa paa ni uhai wa mwenye nyumba. Hakiguswi mpaka siku anapokufa.

"Aliandika habari za siku ile," nikamwambia.

"Akamaliza?"

Nikainama nikawa nageuza dagaa wake.

"Hakuwahi kumaliza kitu yule, hata uji. Haya, imalizie wewe, si ulikuwepo? Uniletee unisomee. Siku nitakayojua kijiti cha mama kilikwenda wapi, nitakwenda kaburini kwa baba yako. Bila hivyo nitakufa hivi hivi, na yeye abaki hivyo hivyo."

Nikarudi nikanunua daftari. Kila Jumapili baada ya kanisa nikawa nakaa nalo. Jumapili tisa, Baba, nikapata mistari minne. Naandika neno, nalikata. Naandika jingine, naona aibu, nalikata. Mimi ninayeshona sare za wanafunzi kumi na wawili kwa wiki moja! Nikafungua madaftari yako kuona ulikwamia wapi, nikakuta kumbe ni ugonjwa ule ule. Kuna mstari mmoja una maneno saba, yote yamekatwa, na juu yake umeandika yale yale saba upya.

Hapo nikakumbuka shamba letu la pamba. Unamkumbuka yule jirani aliyekuwa anachagua kila tumba akiwa bado shambani? Anachuma moja, analiinua juani, analigeuza, hili safi, hili fifi lenye madoa, wenzake wako mstari wa sita yeye yuko wa pili. Mama alimpigia kelele, "Wewe mwanamume, chuma! Fifi utaitoa kwenye mkeka. Mvua ikija haitakuuliza ipi safi!" Wewe ulicheka kuliko sisi sote, na ukirudi nyumbani ukafungua daftari ukafanya kama yeye.

Basi nikajiwekea sheria. Ukurasa mmoja kila Jumapili, ubaya usiwe hoja, kukata marufuku. Neno la Kiswahili likinipotea naweka la nyumbani, napita. Kuchambua ni baadaye. Jumapili nne zikanipa kurasa nne, chafu kama pamba ya mwisho wa msimu, lakini zipo.

Niliandika ulivyokuwa balozi wa nyumba kumi, na amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilivyokuja, kwamba nyumba ya balozi ianze kubomolewa ili wengine waone. Niliandika lori lililosimama chini ya kilima chetu upande wa Butiama, na mgambo wawili waliochoka, mmoja anasema, "Balozi, kama ni mama yako utashindwa, tupande sisi." Ukasema, "Paa hili niliezeka mimi." Ukavua viatu, ukapanda. Bibi akavuta kigoda mlangoni, akakaa. Ukafika kileleni, ukakishika kile kijiti, ukakichomoa. Ndipo akainua uso akasema lile ambalo mkono wako haukuweza kuandika.

"Nimekufa lini, mwanangu?"

Nimeliandika, Baba. Mistari yako ishirini na mitatu ilikuwa inalikimbia hilo.

Ulishuka, ukanipa mimi kijiti. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ukaniambia, "Shika. Tukijenga kule kinarudi juu. Usikipoteze." Nikakifunga ndani ya kanga.

Nikafika hapo, ukurasa wa tano, kalamu ikagoma kabisa. Safari hii sikukata neno, kwa sababu hata la kukata halikuja. Jumapili tatu natazama karatasi. Nikajisingizia wateja, nikajisingizia macho. Mwisho nikajiuliza kama ninavyomuuliza mwanafunzi wangu wa cherehani uzi ukikatika mara ya tatu pale pale: hapo pana nini? Nilikijua kilichokuwepo. Nimekijua miaka yote niliyokuwa nakulaumu.

Kile kijiti nilikichoma mimi.

Tulifika kijijini kando ya barabara ya Bunda saa kumi jioni, mvua inanyesha. Nyumba hakuna, ni turubai na kamba. Wewe na mama mlikuwa mnapakua vyombo. Bibi anatetemeka, hajala tangu asubuhi, na kuni zote za lori zimelowa. Kitu kikavu kilikuwa kimoja tu, kwa sababu nilikifunga vizuri. Nilikivunja mara tatu, nikawashia, nikampikia uji. Sitasema sikujua. Nilijua, nikaona anatetemeka, nikavunja.

Asubuhi ukaniuliza, "Kijiti kiko wapi?" Nikasema nilikiweka kwenye lori. Ulirudi kule kilimani kwa miguu, mara mbili, ukipekua majani ya barabarani. Bibi aliishi siku sabini na moja tu baada ya hapo, na kila akiuliza unamwambia, "Kipo, mama, tukiezeka utakiona." Kwenye matanga wazee walipokubana, ulisimama mbele yao ukasema, "Kilipotea mkononi mwangu." Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka ulipo. Hukuniangalia.

Sijui kama uliyajua. Majivu uliyaona, meko yalikuwa mawe matatu tu mbele ya turubai, na wewe si mtu wa kupitwa. Kama ulijua, basi hukuishiwa maneno kama nilivyokutangaza kwa watu. Ulifika mahali ambapo mstari unaofuata una jina langu, ukaweka kalamu chini. Nimekusema vibaya kwa hilo, Baba, mbele ya kaka zangu na mbele ya wateja. Nirudishie hasira yangu, ilikosea nyumba.

Nilimaliza ukurasa wa tano na wa sita siku moja. Nikachambua, nikanakili, nikapanda gari la Bukima. Shangazi alikaa kwenye mkeka wake, miguu ameinyoosha. Nikamsomea. Nilipofika kwenye moto aliniinulia mkono nisimame. Nikajua sasa nafukuzwa.

"Huo uji, aliunywa?"

"Aliunywa, Shangazi. Akaomba tena."

"Mama yangu aliomba tena?"

"Bakuli mbili. Akasema chumvi imezidi."

Akacheka, Baba. Akacheka huku anajipangusa macho kwa upindo wa kanga. "Huyo ndiye mama. Hilo la chumvi mbona hukuliandika? Liandike hapa hapa, nisikie kalamu." Nikaliandika, daftari gotini. Halafu uso ukabadilika, akaniambia, "Miaka yote hiyo ukamwacha abebe peke yake. Wewe!"

Anakuja Jumamosi. Nitampokea stendi, nimlete kaburini kwako taratibu maana njia haioni vizuri. Ana maneno mengi ya kukuambia, mengine makali, ameyatunza muda mrefu. Ukimsikia anakusema, vumilia. Nitakuwa nimesimama nyuma yake, na yaliyo yangu nitayaitikia mwenyewe kwa sauti, ayasikie na wewe uyasikie.

Pumzika, Baba.

Ni mimi binti yako wa pili, uliyempa kijiti ashike.
Kamunyonge, Musoma