Brandon Alijiangusha Mwenyewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jumatano, tarehe 20 Agosti 2025, saa nane na dakika kumi mchana
Jina: Joyline Mokeira
Umri: Miaka 22
Elimu: Darasa la nane
Kazi: Kuuza ndizi na kutangaza kwa kipaza sauti siku za soko
Makao: Birongo, Kaunti ya Kisii
Anayeandika: Konstebo Drusilla Nyangate

Kabla ya mengine naomba iandikwe alichofanya mtoto wangu sasa hivi. Anaitwa Linda, ana mwaka mmoja na miezi minne. Ameona lile bango ambalo afande ameliweka mezani kama kielelezo, akanyoosha mikono, akasema "Koro," akalibusu kwenye uso wa nyanya. Afande amepangusa uji kwa kitambaa. Koro ni magokoro, ndiyo nyanya kwa Kikisii. Jana watu wazima kama kumi na tano walikuja na bango kama hilo kumchoma huyo mama, na mtoto ambaye hajui kuvaa kiatu amemtambua. Niliahidi nitaongea bila kulia na sitalia. Nimekasirika tu.

Nyanya anaitwa Damaris Mong'ina. Ni mjane na ni jirani yangu. Sisi si wa damu moja. Ndiye hukaa na Linda nikienda kutafuta ndizi. Kitinda mimba wake ni Lewis Mokua, anayepakia majani chai kwa lori na ambaye pia ni mwanamieleka. Lewis ndiye alinipeleka kwa promota, Bwana Geoffrey Nyamongo. Wazazi wa Bwana Geoffrey ni wa huku lakini yeye amekulia Nairobi. Alikuwa anapanga pambano kubwa la mieleka katika uwanja wa mpira Nyamira, Jumapili hii tarehe 24, Lewis na Brandon Ondieki wa Nyamira. Alitaka sauti ya mwanamke ya kutangaza. Alinisikia nikiuza ndizi, akasema, "Huyu hahitaji hata spika."

Mnamo tarehe 3 Agosti, Jumapili, saa nne asubuhi, Bwana Geoffrey alikuja kwa nyanya kupiga picha. Alisema ni picha ya Mama wa Bingwa. Nyanya akaingia ndani akatoka na nguo yake nyeupe ya kanisa. Bwana Geoffrey akakataa, akasema arudie nguo za shamba, asimame jikoni kwenye moshi, ashike mwiko.

Nyanya akasema, "Watu wataona Lewis hanivishi."

"Tunataka wakuone vile uko, nyanya."

"Basi Joyline ndiye anipige. Wewe una haraka kama umefukuzwa na nyuki."

Kwa hivyo mimi ndiye nilipiga hiyo picha, kwa simu ya Bwana Geoffrey. Nilimwambia nyanya vile Lewis alipokuwa akijifunza kuruka alitua kwa mavi ya ng'ombe, akacheka mpaka mwiko ukatikisika. Mdomo wake ulio wazi hapo kwenye bango, ni hiyo anacheka. Hakuna kitu kingine alikuwa anafanya. Maharagwe ndiyo yalikuwa kwa chungu.

Mnamo tarehe 8 Agosti, Ijumaa, saa sita mchana, nilienda Kisii mjini kurekodi tangazo. Bwana Geoffrey alinipa karatasi. Lewis alikuwa ameandikwa kwa jina la ulingo, Mwana wa Mchawi. Nikauliza hiyo ni nini. Akasema kila pambano lazima liwe na wa kushangiliwa na wa kuzomewa, na Lewis amekubali, atavaa kinyago. Lewis alikuwa hapo, akatingisha kichwa kwamba ni sawa. Nikasoma kwa Kiswahili.

Halafu akaniambia, "Sasa sema kwa Kikisii."

Nikamrudishia karatasi. Kwa Kiswahili hilo neno mchawi nalisikia kwa michezo ya redio, hata watoto wanataniana nalo. Kwa Kikisii halisemwi ovyo karibu na jina la mtu. Huku kwetu watu wamechomwa kwa hilo neno, na wote tunajua hizo nyumba zilikuwa wapi. Nikamwambia hivyo.

Akasema, "Mama Linda, umeona jina la mtu hapo? Umeona kijiji?"

Sikuona. Halikuwepo. Nikasema omorogi. Nilirudia mara tatu na nilisema vizuri, kwa sababu alikuwa ameniahidi kwamba Nyamira nitasimama ndani ya ulingo na kipaza sauti, na baadaye Kisumu. Nilikuwa nimeona maisha ya mtoto wangu yakibadilika. Hilo ni kosa langu na liandikwe hivyo. Lakini picha nilipiga siku yake na neno nilisema siku yake. Aliyeviweka pamoja ni yeye.

Jambo lingine afande lazima alijue. Mieleka hii inapangwa. Nimewaona Lewis na Brandon wakifanya mazoezi kwa magodoro, wanahesabu moja, mbili, tatu, nani aanguke, aangukie upande gani. Brandon akianguka vibaya Lewis anamwambia, "Wewe umeanguka kama gunia la viazi, rudia!" Wakimaliza wanakula mkate mmoja. Bwana Geoffrey alitufanya sote tutie sahihi kwamba hatutasema hiyo siri nje. Anasema siri ikitoka mieleka imekufa.

Mnamo tarehe 14 Agosti, Alhamisi, siku ya soko Nyakoe, saa nane mchana, kulikuwa na onyesho dogo la kuvutia watu. Nilifika nikakuta mabango yamebandikwa kila mahali. Nyanya yupo katikati, macho yamefanywa mekundu, moshi umeongezwa. Juu imeandikwa MWANA WA MCHAWI. Chini imeandikwa BIRONGO. Na kwa gari la matangazo sauti yangu inalia, omorogi, omorogi.

Kisha Lewis akapanda jukwaani na kinyago. Brandon, ambaye Nyamira nzima wanamjua ni simba, akamkimbilia. Lewis hakumgusa. Aliinua tu lile bango lenye uso wa nyanya, na Brandon akaanguka chini akitetemeka. Ilikuwa imepangwa. Lewis ameniambia alipewa bango likiwa limekunjwa, akaona uso wa mamake wakati mmoja na watu wote, na hakujua afanye nini ila kuendelea. Lakini watu sokoni waliamini. Mama mmoja wa viazi kando yangu alikusanya mali yake akisema, "Nimeona kwa macho yangu, hakuguswa." Alinijua kwa sauti, na alijua ni nani hukaa na Linda. Akaniangalia akaniuliza, "Na wewe, huyo ndiye unamwachia mtoto?"

Jioni hiyo nilimfuata Bwana Geoffrey kwa gari lake. Nikamwambia atoe mabango na atangaze ni mchezo.

Akacheka. "Unajua ni watu wangapi wanaongea juu ya hilo bango? Hata Sotik wanaongea!"

"Huyo ni mama wa mtu."

"Ni mama wa bingwa, si nilisema? Tulia, Mama Linda. Baada ya Jumapili watasahau."

Jumapili tarehe 17 nyanya aliniambia kwamba kwenye kituo cha majani chai wanawake wamehama mstari, amebaki amesimama peke yake na kikapu. Alidhani ananuka. Aliniuliza kama ananuka. Nilimpigia Bwana Geoffrey mara saba. Hakushika.

Jana, Jumanne tarehe 19, saa tano asubuhi, nilikuwa kwa nyanya nikimnyonyesha Linda. Tulisikia filimbi, kisha watu wakaingia kwa boma. Aliyekuwa mbele ni Omwenga, kijana wa jirani, ambaye nyanya alimfundisha nyimbo za Sabato akiwa mdogo. Alikuwa na bango, wengine walikuwa na nyasi kavu na mtungi wa petroli. Nyanya akamwuliza, "Omwenga, baba, umekula?" Hakumwangalia hata usoni.

Nilikaa mlangoni na mtoto. Nikawaambia kila kitu. Nilivunja ile siri yote. Nikasema picha ni mimi, sauti ni mimi, na Brandon alijiangusha mwenyewe.

Mmoja akasema, "Sasa mnataka kutufanya wajinga? Tulikuwa Nyakoe."

Nikasema ngoja, nitampigia mwenyewe. Nilimpigia Brandon na kuweka simu kwa sauti kubwa, nikaiinua juu wote wasikie. Alishika. Nikamwambia, "Brandon, kuna watu hapa wanataka kuchoma mamake Lewis. Sema tu ulianguka makusudi. Neno moja." Halafu akasema, "Mama Linda, hiyo maneno siwezi kuongea kwa simu. Tulitia sahihi." Akakata.

Afande, huyo mtu amekula ugali wa huyo mama.

Baada ya hapo hakuna aliyenisikiliza. Walichoma jikoni kwanza. Nilikuwa nimemshika nyanya mkono mmoja na mtoto mkono mmoja. Wakati walipogeukia nyumba, lori la majani chai liliingia, mtu alikuwa amempigia Lewis simu. Alishuka peke yake, hana hata fimbo. Akainua mkono kuwaambia wasimame, na wote wakakimbia. Omwenga aliacha kiatu. Watu wanasema Lewis alituokoa, na ni kweli. Lakini walikimbia kwa sababu waliamini ana uchawi. Leo huko Birongo wanasema sasa imethibitishwa.

Nyanya alilala hapa kituoni kwenye benchi. Kaka yake amekuja kutoka Sotik na pikapu kumchukua. Nyanya hataki. Ana majani chai ya kuchuma, ana kaburi la mzee, ana kuku. Amezaa watoto sita kwa hiyo nyumba. Akienda, watasema alikimbia, na hatarudi tena, na kila mtu hapa anajua hivyo.

Kwa hivyo ninachotaka ni hiki. Bwana Geoffrey na Brandon waletwe. Mabango yatolewe leo, si baada ya Jumapili. Kanisa lisome Sabato hii kwamba ilikuwa mchezo. Na hilo gari la matangazo nipewe mimi, siku moja tu, nipite Birongo, nipite Nyamache, nipite Nyakoe, kwa sauti hiyo hiyo waliyoniamini nayo, niwaambie kwa Kikisii ya kwamba yule mama mliyemwona pale juu alikuwa tu

MAANDISHI YA AFISA

Shahidi alikatizwa hapo saa tisa na dakika tano alasiri. Lewis Mokua aliita kutoka uani: "Mama Linda, kuja haraka na mtoto! Mjomba amewasha gari na mama hataki kupanda bila kumshika Linda." Shahidi alitoka mbio.

Alirudi saa tisa na dakika arobaini akiwa na mtoto. Pikapu ilikuwa imeondoka na Damaris Mong'ina. Nilimsomea maelezo yake yote, akayakubali kuwa ya kweli, akatia sahihi kwenye kila ukurasa. Nilimwomba amalizie sentensi ya mwisho. Alisema niiache hivyo, kesho ni Alhamisi, ataimalizia sokoni.

Sahihi ya shahidi: J. Mokeira
Konstebo D. Nyangate