Aliyefunga gesi ya mapovu

Shoga, nimetoka ukumbini sasa hivi.

Bosi wangu, yule Debe Tupu, kasimama mbele ya maabara nzima anajigamba. Eti dawa yake inaziba mlango wa seli unaoingiza sodiamu na kutoa asidi, ndiyo maana msuli wa mshipa wa damu umejikaza. Eti ugunduzi!

Profesa mgeni kauliza swali moja tu: "Maji mlimouweka huo mshipa, mlipima asidi yake?"

Hakupima. Mtu mzima, digrii tatu, hakupima!

Akaninyooshea kidole MIMI. "Muulizeni fundi wangu, yeye ndiye aliyefunga gesi."

Bila ile gesi ya kabonidioksidi tunayoipuliza majini kwa mapovu, maji yanapungua asidi, na mshipa unajikaza wenyewe bila dawa yoyote. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo.

Mimi! Eti mimi nilifunga gesi!

Nikampa mgeni daftari la maabara, akasoma kwa sauti maneno ya siku ileile ya jaribio, mwandiko wa bosi mwenyewe: "Gesi nimeifunga. Usiiwashe, mapovu yananipigia kelele nikiongea na simu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Yeye? Akatoa simu mfukoni, akajifanya imeita.