Kamba ya Gauni la Hospitali

Shosho, nyanya yangu,

Sijamwambia mtu yeyote: ile kamba ya gauni lako la hospitali haikufunguka yenyewe. Ni mimi niliyeilegeza.

Unakumbuka kule kijijini Gatuanyaga, nikiwa mdogo, nilivyokuwa nikikupaka mafuta ukitoka kuoga? Siku moja mkono wangu uligusa kitu kigumu chini ya ngozi ya kifua chako, kama kiberiti. Ukacheka. "Hiyo ni betri ya moyo. Usiibonyeze, mimi si redio." Kisha ukafunga blauzi hadi shingoni, kwa sababu Mjomba Kamau, mwanao, alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa lake la Ruiru kwamba maombi yake yalikuponya moyo bila kisu.

Ulipopooza upande mmoja na kupoteza sauti, yeye ndiye aliyekusemea. Pale hospitali ya Thika, kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya sumaku upigwe picha ya ubongo, alikutoa pini za nywele moja baada ya nyingine. "Maitu, mama yangu, leo tunakuvua kama bibi harusi!" Kina mama wa kanisa wakacheka. Mhudumu akauliza kama una chuma chochote mwilini, hata betri ya moyo.

"Hana. Bwana alimaliza kazi."

"Ameni!" wakaitikia.

Pini aliziogopa, betri hakuitaja. Wanijua, Shosho: mbele ya watu sauti yangu hukwama. Nikajifanya ninakufunga gauni vizuri, nikavuta kamba. Kifua ulichokificha miaka yote kikabaki wazi mbele ya wale kina mama. Mkono wako mzima ukanifinya. Sijui kama ulikuwa unanikaripia au unanishukuru.

Mhudumu akaona kovu, akamgeukia Mjomba. "Mzee, na hii ni nini? Betri zingine za moyo huruhusiwa, lakini hii hatuijui. Sumaku ingeivuruga, moyo usimame!" Ukapelekwa kwenye mashine nyingine isiyo na sumaku.

Nilimaliza shule ukiwa bado hai, ukiwa bado unanifinya. Juzi tulipokuzika, Mjomba alisimama kando ya kaburi akapaza sauti: "Bwana mwenyewe aliifungua ile kamba!" Wakampigia makofi. Baadaye akanipa mkono wake wenye jasho. Nilinawa mara mbili.

Nikisema ukweli watajadili kifua chako, si uongo wake. Basi ibaki kati yetu, Shosho. Hata malaika wakikuuliza, wewe funga blauzi.

Mjukuu wako, yule wa mafuta.