Kombora Lililotangulia Mlio Wake

Kioko, ndugu yangu,

Niko Jidda sasa. Baba, yaani mwajiri wangu, alihamishwa kazi, kwa hiyo madam, watoto, magari na mimi tukahama naye. Huku kuna unyevu ambao Riyadh hatukuujua. Shati linaninata mgongoni hata sijawasha gari. Tunakaa Al-Rawdah, mtaa wa kuta ndefu na mitende iliyokatwa vizuri, na mimi nina chumba changu kando ya lango. Kumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwamba nakoroma, kwamba siku moja kila mmoja wetu atapata chumba chake. Basi nimekipata. Hakuna anayenikatiza usingizi.

Ijumaa nikipewa ruhusa huenda Al-Mahjar, wanakoishi vijana wa nyumbani. Wanasonga ugali, wanabishana mpira, wanawalaani mawakala. Ni watu wazuri. Siku moja nilijaribu kuwaeleza habari za mizinga ya vifaru vya Wajerumani, kama ulivyonieleza wewe. Jamaa mmoja akanitazama, akaniuliza, "Bosi, uko sawa kweli?" Nikacheka nao, nikala, nikarudi.

Sikuwalaumu. Hata mimi, tulipoanza kukaa pamoja kile chumba cha Al-Shumaisi, kule Riyadh, nilidhani una wazimu kidogo. Mlinzi mzima, akitoka zamu badala ya kulala anasoma kwenye simu habari za mizinga iliyotengenezwa kabla mama yake hajazaliwa! Mpaka uliponiambia habari za Babu yako.

Ulinisimulia juu ya paa tukianika nguo. Babu alichukuliwa na Waingereza akiwa kijana, akapelekwa jangwani kaskazini mwa Afrika, kwenye vita na Wajerumani, kuchimba mahandaki na kubeba mizigo. Alikuwa na rafiki yake, Mutua, wa kijiji kimoja. Asubuhi moja walikuwa wamesimama wakinywa chai. Babu aliona ardhi ikipasuka na Mutua akianguka, na baada ya hapo, ndipo aliposikia mzinga ukilia kwa mbali. Sikio lake la kushoto halikupona tena. Aliporudi Kitui akasimulia hivyohivyo, na watu wakamcheka. Mtu atapigwaje kabla ya kusikia? Wakasema vita vimemharibu akili. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba alimkimbia Mutua na sasa anatunga hadithi. Mama yake Mutua alikufa akiamini hivyo.

"Nataka kujua tu, Bara," uliniambia. "Mzee si mwongo. Nataka kujua ni kitu gani kilichowapiga."

Na ukajua. Nakumbuka Ijumaa ile. Ulichukua mpini wa fagio ukauchomeka kwenye katoni la maji, ukauelekeza juu. Huu, ukasema, ni mzinga wa milimita themanini na nane, wa kudungua ndege. Halafu ukauinamisha taratibu hadi ukalielekea tangi la maji la jirani. Jangwani Wajerumani waligundua kwamba ukiuinamisha hivi, unatoboa kifaru kilicho mbali kabisa. Na kombora lake linakwenda mbio kuliko sauti. Linafika kwanza, mlio unafuata. Ulisimama pale na mpini mkononi, macho yamekulowa, yule Mhindi wa chumba cha pili akitutazama na shati lake bichi begani. Ulisema huwezi kuapa kwamba ni mzinga huo hasa uliomuua Mutua, kwa sababu ilikuwapo mingine yenye mbio vilevile. Lakini jambo lenyewe ni kweli. Babu hakusema uongo.

Baada ya hapo hukuweza kuacha. Ulitaka kujua mzinga ule uliishia wapi, nami nikawa mwanafunzi wako. Wajerumani walipoingia Urusi walikuta vifaru vyenye chuma kinene, makombora yao madogo yakawa yanagonga na kuteleza. Basi wakaharakisha kazi ya kuutia mzinga mkubwa ndani ya kifaru, kile walichokiita Simbamarara. Haikutosha. Wakaurefusha mtutu ili kombora liende mbio zaidi. Kifaru kikazidi kuwa kizito. Wakaunda mwingine mkubwa zaidi, wa milimita mia moja ishirini na nane, ambao kombora na baruti yake vilipakiwa kimoja kimoja kwa uzito wake. Madaraja hayakuvibeba tena vifaru hivyo. Gia zikavunjika, mafuta yakaisha barabarani, askari wakavilipua wenyewe na kuondoka kwa miguu.

"Walitengeneza mzinga," ulisema, "halafu wakahangaika kutafuta gari la kuubeba."

Nilikuuliza kwa nini usimpigie Babu umwambie. Ukakataa. Maneno kama hayo hayasemwi kwa simu, ulisema, utamwambia ukienda likizo, umeketi upande wa sikio lake zima.

Siku uliyoanguka nilikuwa nje ya shule nikiwasubiri watoto. Bahadur, yule Mnepali uliyepokezana naye zamu, alinipigia. Kiarabu chake kibovu na changu kibovu. "Kioko mafi," alisema. "Kioko halas." Hayupo, amekwisha. Nikadhani umeacha kazi. Nikamwuliza umekwenda wapi. Akaanza kulia, Kioko, na bado sikuelewa. Watoto wakaingia garini, nikawapeleka nyumbani salama, sijui niliendeshaje.

Daktari alisema ni moyo. Kafili wako, mwajiri aliyekudhamini, alitia sahihi karatasi, ukasafirishwa. Mimi sikupata ruhusa. Mazishi niliyatazama kwenye simu, dada yako Mwende ameinua yake juu ya vichwa vya watu, picha ikaganda kabla hawajakushusha. Nilibaki nikitazama mgongo wa mtu nisiyemjua.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Nilikaa na yale maneno uliyomwekea Babu mpaka yakanishinda. Ijumaa iliyopita sikwenda Al-Mahjar. Nilimpigia Mwende, nikamwomba aniwekee simu kwenye sikio zima la mzee. Nisamehe, najua ulitaka yasemwe ana kwa ana.

Alipoambiwa simu inatoka Saudia, aliita jina lako. Mwende akamwambia, "Siye, Babu. Ni Barasa, rafiki yake." Nikapaza sauti hadi mtunza bustani akageuka. Nikamwambia Kioko alitafuta, akapata. Kombora hufika kabla ya mlio. Ulisema kweli, mzee. Kioko alitaka ulijue hilo.

Kwa Kiswahili chake cha jeshini, akasema, "Kwa hiyo Mutua hakusikia kitu."

"Hakusikia, Babu."

"Basi hakuogopa."

Mwende aliniambia baadaye kwamba mzee aliagiza aitwe mpwa wa marehemu Mutua, ambaye sasa ni mzee pia, aje asikie kwa masikio yake. Na alikuja. Walikaa pamoja jioni nzima. Lakini kabla hajairudisha simu, Babu aliniuliza jambo moja.

"Na wewe, umekula?"

Tangu uondoke, Kioko, hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilisema ndiyo, nimekula. Nikaingia chumbani nikalia kama mtoto, kisha nikapika.

Pumzika, ndugu yangu. Bado nakoroma, nadhani, ila hakuna wa kunirushia kandambili. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikishafanywa upya, baba ameahidi kunipa likizo. Nikifika Nairobi sitaanza safari ya kwetu Bungoma. Nitaanza na Kitui. Nitaketi upande wa sikio zima, na Babu akitaka kujua mizinga ile iliishaje, nitamsimulia yote, hadi wale askari walipoiacha wakaenda kwao kwa miguu.

Wako,
Bara