Vitabu vya Mama kwa Mkuu Mpya wa Karakana

6 Machi

Kwa kifungua mimba wangu,

Hujambo mwanangu? Na mafundi wote hawajambo? Mimi naendelea vizuri. Nyonga imeanza kushika baada ya upasuaji, daktari anasema nitembee kidogo kidogo, na mama yako mkubwa ananilisha utadhani kesho napelekwa kwenye mizani. Basi nipo hapa kwake, kitandani, nasoma. Usicheke! Nimeshona sare umri wangu wote bila kumaliza kitabu hata kimoja, na sasa kila nikifumbua macho nimeshika kingine.

Nimempa dereva wa basi vitatu akuletee. Anza na cha kijani, ni cha uongozi. Nimekipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Cha pili ni cha saikolojia, kinaeleza kwa nini mtu mzima na akili zake ananuna, kwa hiyo kitakusaidia kumwelewa Babu Mkasi pale kwenye meza ya kukatia. Cha tatu ni cha wanawake katika biashara. Mwandishi anasema mwanamume akiwa mkali anaitwa kiongozi, mwanamke akiwa mkali anaitwa mkorofi. Hilo nililijua kabla yeye hajaota meno, ila kaliandika vizuri.

Karakana nimekukabidhi mpaka nipone. Sare za wauguzi wa hospitali ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na yule mama mkuu wa wauguzi ana macho makali. Ukimridhisha, nikirudi tutakaa tuzungumze kuhusu wewe kuwa mkuu moja kwa moja. Ukiniharibia jina, narudi hata kwa magongo.

Mama yako


20 Machi

Shikamoo mama,

Nyonga inasemaje? Mama mkubwa hajambo? Sisi huku wazima, vyerehani vinalia tangu asubuhi, na redio ya Babu Mkasi inashindana navyo.

Vitabu vimefika. Cha saikolojia kinasema mtu anayenuna anasubiri kuulizwa. Nikamuuliza Babu Mkasi. Ameongea mpaka chai ya saa nne ikapoa, na mchana akaendelea alipoishia. Sitarudia tena.

Cha kijani ndicho kilichonikamata. Pale ulipopiga mistari miwili, kwamba kiongozi atafute hatua zinazokula muda aziondoe, nimepafanyia kazi. Nilisimama mlangoni nikaitazama karakana kama mgeni. Nikaona kitambaa kipya kinalowekwa kwenye mapipa, kinaanikwa uani, kinangojewa kikauke, kinapigwa pasi, ndipo kikatwe. Nikajiuliza, jamani, tunafua kitu kipya cha nini? Nikaifuta hatua hiyo. Babu Mkasi nusura anibebe, maana kukamua ni kazi ya mgongo wake.

Mama, tumemaliza mapema! Sare zimeshapokelewa hospitali. Mkuu wa wauguzi alizigeuza mshono kwa mshono, akasema neno moja tu, "Safi." Nilitoka pale natembea kama nimenunua barabara.

Kifungua mimba wako


24 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Umefuta kuloweka?

Pamba ile ikionja maji mara ya kwanza inapungua, urefu na upana! Tunailoweka ili ipungue ikiwa bado ni kitambaa, isije ikapungua ikiwa mwilini mwa mtu. Sikukueleza, kwa sababu hata mimi sikuelezwa. Niliambiwa loweka, nikaloweka, sababu nikaja kuijua mwenyewe baadaye, na maisha yakaendelea. Ole wangu, na kalamu yangu nyekundu!

Sasa nisikilize. Nyamaza. Wakilalamika, sema mwenye duka la vitambaa katuletea pamba mbovu. Ana maduka kila kona, hilo halitamtoa hata jasho. Jina la karakana ni jina langu mimi, nimelijenga kwa vidole hivi, na sitaki kulisikia linatajwa sokoni huku watu wanacheka.

Nakutumia kitabu kingine, cha kulinda jina. Soma sura ya tano. Inasema anayefungua mdomo kwanza ndiye anayejichafua. Sura nzima nimeipigia mistari.

Usiende hospitali. Narudia, usiende.

Mama yako


31 Machi

Shikamoo mama,

Natumai barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, kaa.

Nilipopata barua yako nilichukua sare moja ya mfano iliyobaki hapa, nikaifua na kuianika. Ilipokauka nikaivaa. Mkono umepanda juu ya kifundo cha mkono, na kifungo cha kifuani kimekataa katakata. Niliingia stoo nikalia, sikufichi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejiona nimefika.

Kisha nikakisoma kitabu chako. Sura ya tano nimeisoma yote, na pembeni nimeandika kwa kalamu yangu: Sikubaliani.

Nimekwenda hospitali, mama. Nimemwambia mkuu wa wauguzi kwamba zile sare zitapungua zikifuliwa, kwamba kosa si la kitambaa wala la fundi, ni langu mimi niliyefuta kazi bila kuuliza ipo kwa nini. Nikamwambia tutashona zote upya kwa gharama zetu. Alinitazama kama mtu aliyeletewa chai baridi. Sare mpya atazipokea, lakini yale makoti ya madaktari aliyotuahidi ameyafuta. Akasema atatafuta watu wazima wa kufanya nao kazi.

Niliporudi nikawaeleza mafundi wote, vyerehani vimezimwa. Hakuna aliyecheka. Babu Mkasi alikunja mikono ya shati akaenda kuyajaza mapipa.

Ukitaka kunivua ukuu, nivue. Lakini fikiria kidogo. Ningemsingizia yule mwenye duka, mafundi wote wangejua kwamba ni uongo. Siku nyingine mmoja wao akiharibu, nani angekuja kuniambia ukweli?

Kifungua mimba wako


22 Aprili

Shikamoo mama,

Hujanijibu. Nimempigia mama mkubwa, anasema unakula vizuri, unatembea mpaka getini, na ukisikia jina langu unageukia ukutani. Haya.

Sare zote tumezishona upya na kuzipeleka. Niliomba beseni na maji, nikafua moja mbele ya mkuu wa wauguzi, tukangoja ikauke tukiwa tumekaa benchi moja, kila mtu anatazama upande wake. Aliipima kwa mkono, akaikunja, akasaini. Hakusema "safi."

Mafundi wanaulizia afya yako. Nawaambia mama hajambo, ana kazi ya kusoma. Nimekukosa mpaka ugomvi wako nimeukosa. Lakini karakana nitaifungua kila asubuhi, mpaka uniandikie wewe mwenyewe kwamba nisiifungue.

Kifungua mimba wako


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba na zile zote unazonidai. Mguu unanitii, na fimbo nimeitupa juu ya kabati.

Nilikasirika, tena sana. Si kwa sababu ya sare, hizo zinashonwa upya. Nilikasirikia lile neno lako la pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi chini yangu akaniandikia kwamba hakubaliani, halafu asubuhi akaja kazini kama kawaida.

Jana mkuu wa wauguzi alinipigia simu. Anataka kutupatia makoti ya madaktari, na sare za mwaka ujao juu yake, kwa sharti moja tu: nirudi kwenye ukuu mimi, wewe ukae kwenye cherehani ujifunze kwanza. Mama yako mkubwa alikuwa pembeni yangu ananiashiria kwa kichwa, kubali, kubali. Mwanangu, sitakudanganya. Nilishavuta pumzi ya kusema ndiyo.

Lakini kwanza nikamuuliza, nani alikwambia kwamba sare zingepungua? Akasema, binti yako. Nikamuuliza kama kuna muuguzi alikuwa amelalamika. Akasema hapana, zilikuwa bado stoo, hata moja haijaguswa na maji.

Nikamwambia, "Mama, mimi nisingekwambia. Nilimkataza na yeye asikwambie, kwa maandishi. Ungekuja kujua siku wauguzi wako wamekwama kwenye mikono ya sare mbele ya wagonjwa. Sasa kati yetu wawili, unamtaka nani akushonee?"

Mama yako mkubwa alijishika kichwa. Mimi nilijisikia vizuri kuliko siku niliyofungua karakana.

Mafundi nimewaandikia barua yao, waisome mezani mbele yako. Inasema karakana ina mkuu mmoja, na si mimi. Nikija nitakuja kama mzazi, na ukinipa kazi nitaifanya.

Yule mama wa hospitali amesema atapiga simu hapo karakana wiki hii. Hakuniambia atasema nini, na mimi sikumuuliza. Akipiga, pokea wewe. Akiniulizia mimi, mwambie tayari anazungumza na mkuu.

Mama yako