Petroli Katika Kisima Chetu

Jumatatu, 17 Februari

Shuka za gesti ninazofua zimerudishwa. Zote. Mwenye gesti anasema mgeni mmoja, mzungu wa kupanda mlima, alitoka chumbani akiuliza kama godoro limemwagiwa petroli. Nimezinusa. Kweli zinanuka. Nimemgombeza mume wangu Salim, nikadhani ameshika kamba yangu ya kuanikia kwa mikono yake ya gereji. Ameapa. Tumegombana bure mpaka Magharibi.

Jumanne, 18 Februari

Si Salim. Ni kisima.

Nimevuta ndoo asubuhi, nikaiweka juani. Juu ya maji kuna utando wa rangi rangi, kama ule wa barabarani mvua ikinyesha. Salim amechovya kitambaa juu juu, akakipeleka mbali uani, akakiwasha. Kimeshika moto kabla kiberiti hakijakigusa vizuri.

Nimepiga pasi ya mkaa juu ya shuka zile wiki nzima. Wanangu wakilala chumba hicho hicho ninachopigia pasi.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani wasichote. Uchochoro mzima unakunywa kwetu. Mwingine akasema hata chai yake ilikuwa na harufu, alidhani ni sufuria mpya.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda kituo cha mafuta, kile kilicho nyuma ya ukuta wetu. Zamani kilikuwa cha shirika la umma. Serikali ilipoanza kuuza vitu vyake, mzee mmoja wa Kibosho, huko mlimani, akakinunua. Sasa ni marehemu, na kituo ni cha mkewe, Mama Deo. Lakini mwenye kauli ni shemeji yake, Prosper. Mtu wa shati lililopigwa pasi na funguo mkononi.

Nimemweleza. Ameniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikasema gereji. Akacheka.

"Basi mwambie aache kuoshea injini kisimani."

Wahudumu wa pampu wakatazama chini. Mama Deo alikuwa ameketi kwenye benchi ndani ya ofisi, mlango wazi. Amesikia kila neno. Hakunyanyua hata kichwa.

Huyu mama nilikuwa namwamkia kila siku. Leo nimemchukia kabisa.

Ijumaa, 21 Februari

Salim alikuwa msikitini. Nilikuwa nachambua mchele uani. Hodi. Mama Deo, peke yake, kitenge kiunoni, anachechemea kwa ule mguu wake mbaya.

Sikutaka, lakini mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe ndoo."

Hakutaka nimsaidie kuvuta. Amevuta mwenyewe, akainama, akanusa. Amechovya vidole, akavisugua, akanusa tena. Kisha ameketi chini, kwenye udongo, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nikamletea kigoda, hakukiona.

"Ni mafuta yangu haya," akasema. "Watoto wako wangapi? Wamekunywa?"

Nikasema wamekunywa. Akafunika uso.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Maneno yote niliyoyapanga yamebaki kifuani, hayana pa kwenda.

Jumamosi, 22 Februari

Amefunga kituo! Mnyororo toka nguzo hadi nguzo. Magari yanafika, yanapiga honi, yanageuza.

Jana jioni aliwaambia wahudumu wasiuze tena, wakapima matangi yote mawili kwa kijiti. Asubuhi wakapima tena. Petroli imeshuka, na hakuna aliyeuza hata lita. Tangi la dizeli limebaki pale pale. Kwa hiyo linalovuja ni la petroli. Limefukiwa tangu enzi za shirika, na waliouza hawakulifukua wala aliyenunua hakuuliza.

Prosper amempigia kelele barabarani, watu wanaona. Kwamba nani angejua. Kwamba mji mzima una visima. Kwamba anaua kituo cha kaka yake.

Mama Deo alimwacha amalize. Akamjibu taratibu, lakini sisi wa ukutani tulisikia:

"Shemeji, kaka yako alinunua kituo. Hakununua ruhusa ya kunywesha watoto wa watu petroli."

Saa nane trekta limeleta tangi la maji ya bomba. Ametuma yeye. Bibi wa nyumba ya kona alikataa kuchota, akisema maji ya mkosaji. Jioni akaja na madumu mawili.

Jumanne, 25 Februari

Wamekuja wawili. Elisante, fundi wa matangi kutoka Arusha, na mtaalamu wa maji, kijana mpole mwenye miwani. Wote wameitwa na Mama Deo. Hakuna ofisi iliyomlazimisha. Hili narudia kwa sababu watu wa mtaani hawaamini.

Mpango: kunyonya petroli iliyobaki, kuacha matundu wazi mvuke utoke, kuchimba, kuinua tangi. Udongo ulioloa utolewe wote unaofikika. Mpaka tangi liondoke, ni marufuku moto uchochoroni. Si jiko, si sigara. Mvuke wa petroli unatambaa chini, haupandi kama moshi, na unaweza kufuata mtaro mpaka jikoni kwa mtu.

Watoto nimewapeleka kwa dada, Majengo. Tunakula mkate na ndizi mbivu. Watu wananung'unika. Prosper anapita akisema kisima kizibwe tu kwa zege, kila nyumba ipewe kifuta jasho, kazi iishe. Wapo waliokubali. Leo hata mimi nimechoka, nimefikiri labda anasema kweli.

Mtaalamu wa maji ameniondolea wazo hilo. Ukiziba kisima changu, amesema, petroli haijui kwamba umeziba. Itaendelea kuteremka na maji ya ardhini hadi visima vya chini, kule karibu na shule.

Jumamosi, 1 Machi

Mlima umefunikwa toka alfajiri. Mawingu mazito upande wa Kibosho. Mapema mno kwa masika.

Elisante haogopi kitu ila hayo mawingu. Mvua ikijaa shimoni, tangi tupu litaelea kama boya, litapasua mabomba, na petroli yote iliyo udongoni itaoshwa kwenda chini. Kwa hiyo wanachimba kwa zamu, mchana kutwa. Sururu haziruhusiwi karibu na chuma, zisije zikatoa cheche. Mikono na makoleo tu.

Mama Deo anabeba karai. Nimetazama juu ya ukuta sikuamini. Mwenye kituo, mguu ule, karai la udongo kichwani pamoja na vibarua. Analimwaga, anarudi. Mchana alikula ndizi mbili na kuendelea.

Nimeona haya kusimama. Nimeruka ukuta kwenda upande wa pili. Bibi wa kona alinikuta huko, akacheka, akachukua koleo.

Jumanne, 4 Machi

Nguo bado zinanuka petroli.

Tangi limeinuliwa leo kwa lori lenye winchi. Watu wote tulisogezwa nyuma. Lilitoka polepole, jeusi, udongo ukidondoka. Lilipofika usawa wa ardhi mnyororo mmoja ukateleza. Tangi likainama. Petroli iliyokuwa imebaki chini kabisa ikamwagika shimoni, na harufu ikatupiga kama kofi. Elisante akapiga kelele kila mtu akimbie.

Tulikimbia. Mimi pia nilikimbia. Nikageuka, nikamwona Mama Deo anakimbia upande mwingine.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke mgeni, ameweka jiko lake pale asubuhi hiyo, anakaanga mihogo. Hakuwa na habari ya marufuku. Sote tulikuwa tunatazama tangi. Mama Deo peke yake ndiye aliyekuwa akitazama barabara. Alifika kwa ule mguu, sijui kwa nguvu gani, akajaza karai mchanga wa ujenzi uliokuwa hapo, akaumwaga juu ya jiko, mafuta, mihogo na vyote. Mwanamke akaanza kumtukana. Mama Deo akamkumbatia, akamvuta waende mbali.

Mvuke haukuwaka. Tangi likafungwa upya, likapanda lorini. Chini lilikuwa limeliwa na kutu. Elisante ameingiza kidole kwenye tundu moja, kikatokea ndani.

Baadaye nilimkuta Mama Deo ameketi kwenye kizingiti cha ofisi, mkono una malengelenge. Mafuta ya mihogo yalimrukia. Nikampaka dawa. Akauliza kama kuna mtu amemlipa yule dada mihogo yake.

Sijawahi kuona mtu wa namna hii. Naandika ili nisije nikasahau kwamba nilimwona.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa udongo. Rundo limefunikwa kwa maturubai, linanuka mpaka sokoni. Upelekwe wapi?

Prosper alitaka ukamwagwe bondeni, mtoni. Mtaalamu wa maji akakataa kabisa. Akaeleza njia nyingine: utandazwe mwembamba mahali pakavu pasipo kisima wala mfereji, uchanganywe na samadi, ugeuzwe mara kwa mara. Jua na hewa na vijidudu vya ardhini vitakula petroli kidogo kidogo. Inachukua muda. Na pale pasilimwe chakula.

Tulikuwa wote ofisini. Nani atatoa ardhi yake?

"Upelekwe shambani kwangu," Mama Deo akasema. "Lile la chini."

Wachagga wa mlimani wana kihamba cha migomba na kahawa huko juu, na shamba la mahindi huku tambarare. Hilo la chini ndilo linalowalisha ugali mwaka mzima. Masika inakuja, wengine wanatayarisha mbegu. Yeye anapeleka udongo wa petroli.

Prosper akasema kwa sauti ambayo sikuijua, "Shemeji, lile ni shamba la baba yetu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ukikataa, sipeleki."

Prosper akatoka nje. Akazunguka nyuma ya pampu. Nilidhani ameondoka. Kisha tukasikia trekta linawashwa. Ni yeye, na shati lake la pasi, anarudisha tela kinyumenyume mpaka kwenye rundo.

"Pakieni," akasema.

Kwa mara ya kwanza nimemwonea huruma mtu huyu. Na nimemheshimu. Ni rahisi kutoa kilicho chako. Kukubali kumsaidia aliyekushinda ni kazi nyingine.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Imeanza wakati wa adhuhuri, nzito, ya matone makubwa.

Shimo lilijazwa udongo safi jana jioni na kushindiliwa. Tela la mwisho lilishaondoka. Nimesimama mlangoni nikitazama maji yakipita juu yake, nikalia. Salim akaniuliza nalia nini na kazi imeisha.

Mama Deo alikuwa kanisani kwao Kibosho. Nasikia alisinzia katikati ya mahubiri, akaanza kukoroma, na padri akamwacha.

Jumanne, 10 Juni

Sijaandika miezi. Watoto wamepimwa hospitali, hawana tatizo lililoonekana. Alhamdulillahi.

Kisima kinavutwa kwa pampu kila wiki. Utando unakusanywa juu, unawekwa kwenye pipa. Ulikuwa unene wa kidole, sasa ni mng'ao tu. Mtaalamu amechukua maji kwenye chupa, majibu yamerudi: bado si ya kunywa, wala ya kufulia. Labda miaka. Amesema bila kuficha, nimeshukuru.

Mama Deo ametuvutia bomba uchochoroni. Kituo kinauza dizeli peke yake. Wateja wengi wamehamia vituo vipya vya barabara kuu, vile vyenye taa nyingi. Wahudumu wamebaki wawili. Hajalalamika mbele yangu hata mara moja, lakini amekonda.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo nimekwenda naye shamba la chini. Ameniomba nimsindikize, mguu unamsumbua.

Mashamba ya jirani yameshavunwa, mabua yamelala. Lake ni udongo mtupu, mweusi, umegeuzwa mistari mistari. Pembeni magugu yameanza kuota. Upepo mwingi, vumbi la tambarare. Mlima ulikuwa wazi.

Tumekaa kwenye tuta tukala ndizi za kuchoma alizofunga kwenye jani. Tumezungumza habari za wajukuu zake. Kisha akachota udongo kwenye kiganja, akanusa, akanipa na mimi. Harufu ipo. Kwa mbali, lakini ipo.

"Bado," akasema.

Akajifunga kitenge, akachukua jembe, akaanza kugeuza kutoka mwanzo wa mstari. Nikatafuta jembe la pili.