Harusi ya Vikundi Vitatu

Zuhura mjukuu wangu,

Huku Scarborough hatujambo; theluji inaanguka taratibu, na mama yako kalala. Umeniuliza kwa nini Italia iliwaacha wenzake wa mkataba, ikakaa kando, kisha ikaingia upande wa pili katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Nilipokuwa msichana Tanga, kikundi chetu cha ngoma kilishindana na kingine harusini. Kikundi cha tatu kilikuwa kimeahidi kutuunga mkono, lakini siku hiyo kiliketi tu mkekani. Tukakiimbia kwa sauti tamu, kama ndotoni, ili kije kwetu. Wapinzani wakakiahidi doti za kanga, kikaenda kwao, kama Italia ilivyoahidiwa ardhi.

Nilikasirika, mama, mpaka nilipogeuka. Bibi harusi alikuwa ameketi peke yake, hakuna aliyemwimbia.

Bibi yako anayekuwaza